Kompyuta ya Kabula

Asubuhi ile malori yalikuwa yameziba barabara ya mpakani Tunduma, na wabadilisha fedha walikuwa wakigombania Wazambia kwa salamu za Kibemba: "Kwacha! Kwacha! Mulishani, bamayo?" Bodaboda ikajipenyeza kati ya matela mawili, ikapiga breki, na kompyuta kuukuu iliyokuwa mapajani mwa abiria ikachomoka. Lusubilo, fundi kompyuta aliyekuwa akivuka kwenda kunywa chai, akaidaka kabla haijagusa lami.

"Kaka, usiiachie!"

"Mbona nzito hivi, dada? Umepakia ng'ombe?"

"Ng'ombe elfu tisa wamo humo," abiria alijibu bila kucheka.

Alikuwa mwanamke mrefu, sweta la kijani juu ya kitenge cha njano, vumbi la Momba lingali viatuni. Jina lake Kabula. Kwenye kibanda cha chai alieleza yote. Alifanya kazi ofisi ya chanjo za mifugo, na programu ya kuwaorodhesha ng'ombe hao aliiandika mwenyewe alipokuwa chuoni, kwa zana za kizamani ambazo mwalimu wake alizipenda. Kila msimu taratibu zilibadilika, naye aliirekebisha kwa zana zilezile. Kompyuta mpya zilizikataa. Hii ya zamani ilikuwa inakata roho.

"Mama yangu yuko Magu, peke yake, macho yamefifia," alisema. "Mkurugenzi amesema programu ikihamia kwenye kompyuta mpya, na mtu mwingine akaijua, atasaini uhamisho wangu. Mafundi watatu wameshindwa."

"Hao mafundi wa redio. Mimi nilijifundisha mwenyewe kule kwetu Undali, Mbebe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna kompyuta inayonikatalia."

"Wandali kwa kujisifu!"

"Na Wasukuma kwa kuziba barabara na ng'ombe wao."

Hapo ndipo Kabula alipocheka.

Dawa aliyoijua Lusubilo ilikuwa hii: ndani ya kompyuta mpya atengeneze nyingine ya kuigiza, yenye tabia zote za ile ya zamani, ili zile zana zikiamka zijione ziko enzi zao. Ilikuwa kazi ya subira. Kila jioni Kabula alipitia dukani kwa Lusubilo akitoka kazini, na mahindi ya kuchoma kwenye karatasi. Lusubilo alikuwa ameishi miaka minne Tunduma akila huku ameutazama ukuta. Sasa dirishani palikuwa na vikombe viwili.

Jumanne moja, saa sita mchana, zana zikakubali. Lusubilo alibadilisha mstari mmoja wa programu, akaiendesha, nayo ikalia mara tatu, tii, tii, tii, kisha ikamwaga majina ya ng'ombe. Aliruka kwa furaha, peke yake. Akashika simu ampigie Kabula. Jicho lake likaangukia kile kikombe cha pili, na simu akairudisha mezani.

"Vipi, fundi wangu?" Kabula aliuliza jioni.

"Imegoma."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Neno hilo la kushindwa alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Na bado alilirudia kesho yake, na keshokutwa.

"Usijali, mpenzi," Kabula alimwambia jioni ya tano, akimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Lusubilo hakulala.

Wiki ya pili Kabula alikuja mchana bila taarifa. Mlangoni akasikia: tii, tii, tii. Alisimama pale pale.

"Mlio huo niliuandika mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Inafanya kazi tangu lini?"

"Kabula, ngoja nikueleze…"

"Tangu lini, Lusubilo?"

"Siku kumi."

"Mama ameanguka njia ya kisimani Jumapili. Na mimi nilikuwa hapa nakubembeleza wewe."

Akaondoka. Lusubilo akampigia simu, haikupokelewa. Alipiga mara tisa. Jumatatu Lusubilo alibeba kompyuta mpya begani hadi ofisini kwa Kabula. Kwa siku nne alimfundisha Jenista, karani, namna ya kuifungua, kuirekebisha na kuitunza. Kabula alikaa meza ya pili na hakumsemesha. Siku ya tano mkurugenzi akasaini uhamisho.

Jumamosi alfajiri Lusubilo alimkuta Kabula stendi, ukungu umefunika mabasi, sweta lile la kijani limefungwa vifungo vyote.

"Nilijua ikikubali utaondoka," alisema.

"Hukuniuliza kama ningependa kuondoka na mtu."

Kondakta akaanza kuita abiria.

"Hivi wewe," Kabula alisema taratibu, "unayejisifu hata ukibadilisha balbu, uliwezaje kuniambia kila jioni kwamba umeshindwa?"

"Ilikuwa hivyo, au nikukose."

"Mjinga kweli." Alifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Nimekusamehe nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Iko Magu. Ifuate. Na uje na wazee, usije na kompyuta."

Basi likaondoka. Lusubilo alibaki na moshi wake na watu asiowajua, mikono haina cha kushika. Kisha akatoa simu, akapiga Mbebe.

"Baba, shikamoo. Nina neno la kuwaomba wazee. Ni safari ya mbali."

"Marahaba. Mbali wapi, mwanangu? Huko kukoje?"

Lusubilo aliitazama barabara. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuipita Mbeya.

"Sijui, baba," alisema, na hakuona aibu. "Sijui."