Redio ya Marehemu Onsongo

Jioni ile Damaris alishuka kwa mama mkwe wake na mzigo wa kuni, kama jioni nyingine yoyote. Mvua ilikuwa katika siku ya tisa. Mvua ya huku kwetu Nyamira ina adabu zake: hunyesha, hupumzika watu wachume majani chai, halafu hurudi. Hii haikupumzika. Stima ilikuwa imepotea siku tatu, na simu zote za pale kilimani zilikuwa zimezima. Halafu kulikuwa na ule ufa katikati ya shamba la chai. Asubuhi ungeingiza kidole. Sasa, akipita na kuni kichwani, Damaris aliingiza mguu mzima.

Akasimama. Akautoa mguu. Akaendelea na safari, haraka kidogo.

Mama mkwe wake, Nyakerario, alikuwa jikoni ameketi kwenye kigoda, shuka nyeusi mabegani. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu wamzike mumewe, mzee Onsongo, pale pale kando ya nyumba.

"Mama, ufa umepanuka," Damaris alisema. "Nataka ile redio."

"Redio gani?"

Alijua vizuri sana ni redio gani. Ile ya kuzungusha mpini kwa mkono, isiyotaka stima wala betri, ambayo kikundi cha maafa kiligawa kwenye semina yao, moja kwa kila nyumba kumi. Mzee Onsongo ndiye aliyekabidhiwa. Kazi yake ilikuwa kuifungua kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, asikilize tangazo la mvua, na mambo yakiwa mabaya apulize firimbi ili watu washuke shule ya msingi, kule tambarare. Na alivyoringa na hiyo kazi! Ukikohoa wakati wa tangazo, anakufukuza kama kuku. Kisha akafa, na hakuna mtu kwenye semina aliyekuwa amesema kitu gani kifanyike mwenye redio akitangulia.

Na vitu vya marehemu havikuguswa. Koti, fimbo, jembe, redio, vyote vilifungiwa chumbani mwake mpaka ukoo ukae na kugawa. Ukoo ulikuwa umepanga kukaa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Bado ni yake," Nyakerario alisema.

"Mlima hautangoja Alhamisi, mama."

Mama mzee akatoa ufunguo kifuani na kuuweka chini kwenye udongo, katikati yao.

"Mimi sijakupa," alinong'ona. "Umeokota."

Miaka kumi na tisa Damaris ameolewa katika boma lile, na chumbani kwa baba mkwe hakuwahi kukanyaga. Ndiyo chinsoni yetu, ile heshima ya wakwe: hukai kitandani kwake, hulali chini ya paa moja naye. Aliingia akiwa ameinamisha macho. Palikuwa na harufu ya ugoro, nzito, kana kwamba mtu ametoka kuunusa sasa hivi. Redio ilining'inia kwenye msumari. Akaushika mpini...

Ulikuwa na joto.

Joto la kiganja cha mtu. Damaris akaichomoa redio hivyo hivyo na kutoka kinyumenyume.

Jikoni aliuzungusha mpini. Krrr. Krrr. Krrr. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya mtangazaji mwanamke ikaja kwa lugha yetu ya Ekegusii, safi kabisa. Wakazi wote wa miteremkoni watoke. Wasingoje kupambazuke. Wasirudi kuchukua vyombo. Halafu ikakatika.

Firimbi ilikuwa imefungwa kwenye redio kwa uzi. Damaris akasimama mlangoni, akapuliza mara tatu kama walivyofundishwa. Chini kidogo, mlango wa jirani yao Mokeira ukafunguka. Tochi moja ikatokea, kisha ya pili, na baada ya dakika chache watu wote wa mteremko walikuwa njiani kuelekea shuleni.

"Twende, mama."

"Siendi."

"Umesikia redio?"

"Nimesikia. Mjane halali nje kabla ya vitu kugawanywa. Nikilala nje, atanitafuta nyumba kwa nyumba."

"Nitakubeba."

"Utabeba maiti."

Damaris alikasirika, kisha hasira ikaisha akabaki na hofu tupu. Huyu mama ndiye aliyemtetea alipoharibikiwa mimba mbili mfululizo, mashangazi wakitaka arudishwe kwao. Alilala naye kitanda kimoja mwezi mzima, akimpa uji kwa kijiko. Damaris alimpenda kuliko mama yake mzazi. Kumwacha hapo hangeweza, na kukaa naye hapo ilikuwa kufa wote wawili.

Chini ya miguu yao kitu kiliguna. Mbali, ndani sana, kama lori linalokataa kuwaka. Harufu ya udongo mbichi ikajaa jikoni.

"Basi muage," Nyakerario alisema polepole. "Mwambie tunatoka. Nikijua amesikia, nitaenda."

Damaris ni Msabato wa kubatizwa. Haongei na wafu. Lakini alikimbia mvuani, redio kwapani, mpaka kaburini. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni, lile ambalo mtu yeyote mwenye adabu angemwambia mzee aliye hatarini.

"Tata, baba yangu, tunashuka shuleni. Na wewe njoo, usibaki hapa!"

Krrr.

Mpini ulizunguka. Mara moja tu, kwapani mwake, bila mkono wa mtu.

Aliporudi, Nyakerario alikuwa tayari amesimama mlangoni. Aliusikia mlio ule.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuaga."

"Kwa maneno gani, Damaris?"

Damaris alimbeba mgongoni, akashuka. Njia ilikuwa tope tupu. Alisikia pumzi ya mama mzee sikioni, na mvua, na nyuma yao hatua za mtu... chwap... chwap... zisizo na haraka. Alidhani ni jirani aliyechelewa. Hakugeuka.

Walikuwa wamefika kwenye kona ya kwa Mokeira mlima uliposhuka.

Sitaeleza ule mlio. Ulipokwisha, nyumba haikuwepo, jiko halikuwepo, chai haikuwepo. Na pale lilipokuwa kaburi, palikuwa na shimo linalotiririka maji.

Shuleni walihesabiwa watu arobaini na mmoja, hakuna aliyepotea, na watu wakamshukuru Mungu na ile firimbi. Nyangau, mdogo wake marehemu, hakushukuru. Alikuja akachuchumaa karibu na mkeka wa Damaris.

"Mlipotoka, mlimwambia abaki?"

"Abaki?"

"Aliyekufa huambiwa abaki alinde boma. Hata watu wakihama. Hakuna anayemwambia aje."

"Nilimwambia aje."

"Angekuwa na kaburi tungemrudisha," Nyangau alisema. Akaenda akakunja mkeka wake mwenyewe, akahamia darasa lingine.

Mwalimu wa semina, alipoulizwa baadaye, alisema ndani ya redio zile mna springi, na springi ikilowa inaweza kujirudisha yenyewe. Kuhusu joto la mpini hakuulizwa. Kuhusu zile hatua, Mokeira aliapa kwamba yeye na watu wake walikuwa wameshafika, na hakuna aliyechelewa.

Damaris alikodi chumba sokoni Magwagwa, chumba kimoja chenye kitanda kimoja na pazia, akaishi humo na mama mkwe. Mumewe, anayeishi Eldoret na binti yao Sheila, alitumiwa habari. Akasema atakuja barabara zikifunguliwa. Alhamisi ukoo ulikaa kama ulivyopanga, japo cha kugawa kilikuwa kimoja tu. Redio ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akiipitisha haraka. Mwishowe Nyangau akaiweka miguuni pa Damaris. Wewe ndiye uliyeitoa, alisema, kaa nayo.

Jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili na nusu, Damaris alikuwa akikoroga uji. Redio ilikuwa mezani.

Krrr. Krrr. Krrr.

Mtangazaji hakuja. Ilikuja pumzi, nzito, ya mtu mzee aliyetembea sana. Nyakerario aliinuka kitandani. Hakuogopa, aliitengeneza shuka mabegani, kama mke anayesikia mumewe akivua viatu nje.

"Mwambie arudi, mama," Damaris alinong'ona, machozi yakimtoka. "Wewe ni mke wake. Atakusikia."

"Mimi sikumwita."

Pumzi ikatulia. Kisha sauti ikaja, ya upole, yenye aibu ya mkwe mbele ya mkwe.

"Mama Sheila, uliniita. Sasa nilale wapi?"

Nyakerario alimgeukia Damaris, akangoja ajibu.