Majibu ya Mtani

Kila asubuhi Eustadia aliteka maji, akafagia uwanja, akatafuna matobolwa yake, vile viazi vitamu ambavyo mama yake alivichemsha na kuvianika tangu mavuno, kisha akashika njia ya shule. Na kila asubuhi, akipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanahawa pale Ipuli, sauti ilimdaka.

"We Mnyamwezi! Leo umebeba mzigo wa nani?"

Huyo alikuwa Shomari, kijana wa Kizaramo kutoka Kisarawe. Alikuja Tabora kusoma ualimu wa fizikia na hesabu chuoni, na kwa kuwa mabweni yalijaa, alipanga chumba kwa Bi Mwanahawa.

"Wa babu yako!" Eustadia alimjibu. "Alichoka kabla ya kufika Bagamoyo!"

Wote wawili walicheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokatiza nchi ya Uzaramo na pembe za ndovu vichwani. Mtani atakutukana, atachukua kitu chako, atakucheka hata ukiwa msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, watu watasema hukulelewa.

Eustadia alikuwa Kidato cha Kwanza. Siku zile za Ujamaa wanafunzi walishika jembe na kalamu kwa zamu: asubuhi shamba la karanga la shule, baadaye darasani. Jembe halikumsumbua. Kilichomsumbua ni fizikia na hesabu za Mwalimu Sylvester. Mwisho wa mwaka, mwalimu huyo angechagua wachache wa kuingia mchepuo wa sayansi, na Eustadia alitaka kuwa muuguzi katika hospitali ya Kitete. Bila sayansi, Kitete angeiona akiwa mgonjwa tu.

Basi jioni moja alimwendea Shomari na maswali yake ya nyumbani.

"Kaka Shomari, nisaidie. Sielewi hata moja."

Shomari aliyatazama akatabasamu. "Haya ni maji ya kunywa. Lakini mpagazi halali bure. Beba ndoo zile, ujaze pipa langu."

Eustadia akajaza pipa. Shomari akaandika majibu kwenye kipande cha karatasi, akamtupia miguuni kama anayemtupia kuku punje. Hakueleza lolote, na Eustadia hakuuliza lolote. Alinakili, akapeleka, akapata vyote. Mwalimu Sylvester, mtu mkavu asiyesifu hata mvua ya kwanza, alimwambia, "Vizuri." Neno hilo lilimlewesha.

Tangu hapo akawa mtumwa wa hiari. Alifua mashati ya Shomari, akasugua sufuria zake. Siku moja Shomari alikaribisha wenzake wa chuo, akamtwika Eustadia beseni la nguo mbichi na kumwamuru azunguke uwanja akiimba kama msafara. Vijana wale walicheka hadi machozi. Maji ya sabuni yalimtiririka Eustadia machoni, na moyo ulimuuma vibaya, lakini akacheka nao. Angefanyaje? Ulikuwa utani.

Ukatili ni kama upele, huambukiza. Shuleni Eustadia alikaa dawati moja na Zamda, binti wa fundi cherehani wa mjini. Zamda alipambana na kila swali mwenyewe. Mara nyingi alikosa, akafuta, akaanza upya.

"Dada Eustadia, tukae pamoja mchana tufanye haya," alimwomba siku moja. "Wewe unapata vyote, nionyeshe njia."

Eustadia hakuijua njia yenyewe. Badala ya kusema hivyo, alicheka kwa sauti ili darasa zima lisikie. "Nikuonyeshe wewe? Bora nimfundishe mbuzi! Kashone vifungo na baba yako!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Zamda aliinamisha kichwa na hakusema naye tena.

Yakaja maswali ya nyumbani ya mwisho wa mwaka, yale ambayo mwalimu alisema atayatumia kuchagua. Eustadia alimpelekea Shomari, akachota maji, akapewa karatasi. Alinakili haraka bila kusoma alichokuwa akiandika. Nyuma yake Shomari alikuwa ameuma shuka asicheke.

Siku ya kurudishiwa kazi, Mwalimu Sylvester alimwita Eustadia mbele.

"Swali la kwanza," alisema. "Garimoshi letu la kutoka Tabora kwenda Igalula. Kwa hesabu ya dada huyu, linakwenda kilomita mia tisa kwa saa. Wenzangu, hilo ni garimoshi au ni ndege?"

Darasa likaangua kicheko.

"Swali la pili. Wenzo. Gunia la karanga la kilo sitini liko nusu mita kutoka kwenye egemeo. Wewe unakandamiza upande wa pili, mita moja na nusu kutoka kwenye egemeo. Utahitaji nguvu ya kuinua kilo ngapi? Dada anasema mia na themanini." Alisogea karibu. "Eustadia, umewahi kung'oa jiwe shambani kwa mti mrefu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mti ulikupunguzia kazi au ulikuongezea?"

"Ulinipunguzia."

"Sasa hili gunia limekuwaje zito mara tatu kwa kutumia mti? Haya, chaki hii. Tuonyeshe."

Eustadia alishika chaki. Hakujua hata pa kuanzia.

"Ndiye anayetaka kwenda Kitete!" mwalimu alisema. "Mgonjwa ameandikiwa vidonge ishirini, muuguzi wetu anampa mia na themanini. Tutamzika nani kwanza?"

Walicheka wote, hata wale waliokuwa wamepata sifuri wenyewe. Zamda hakucheka, lakini hakumwonea huruma pia. Eustadia alisimama pale ubaoni kipindi kizima, machozi yakimdondoka, hakuna aliyemwambia keti. Kengele ilipolia, mwalimu alisema, "Jumatatu utasimama hapo tena na swali jipya. Ukishindwa, jina lako nalikata."

Nyumbani alieleza kila kitu. Baba yake, Mzee Nikolaus, alivaa viatu akaenda kwa Bi Mwanahawa, mkewe Josepha na Eustadia wakimfuata. Shomari alikuwa ameketi barazani akinywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shomari, umemwandikia mwanangu uongo?"

Shomari alicheka. "Mzee, mia tisa kwa saa! Hata mtoto mdogo angejua huo ni utani! Mimi ni mtani wenu. Mtani hakasirikiwi."

Mila ilikuwa imemfunga Mzee Nikolaus. Eustadia aliona baba yake akijilazimisha kucheka, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko cha darasa zima.

Lakini Mama Josepha aliitazama kamba ya nguo uwanjani, ambako mashati yote ya Shomari yalikuwa yakining'inia, yamefuliwa na binti yake. Akaenda akayaanua yote, moja baada ya jingine, akayakunja na kuyatia kwapani.

"Mama! Nitavaa nini chuoni?" Shomari aliruka.

"Mtani hakasirikiwi," mama alisema. Akachukua na viatu vyake vyeusi vilivyokuwa mlangoni.

Bi Mwanahawa alicheka hadi akakaa chini. Asubuhi Shomari alikwenda chuoni kwa fulana iliyotoboka na kandambili, akarudishwa langoni mbele ya wenzake wote. Siku nzima alikaa ndani akinuna, jambo ambalo mtani haruhusiwi kufanya. Jioni mama alimrudishia vitu vyake, lakini kwanza aliyalowesha mashati yote kwenye maji ya tope.

Mashati ya Shomari hayakumfundisha Eustadia wenzo. Alikwenda kwa kina Zamda.

"Kamuulize mtani wako," Zamda alisema, akafunga mlango.

Eustadia alikaa kizingitini. Zamda alifungua tena alipokuwa anatoka kwenda kisimani.

"Bado upo?"

"Nilikuita mbuzi, Zamda, na mimi ndiye nilikuwa sijui kitu. Nisamehe."

"Sijakusamehe," Zamda alisema. "Lakini keti. Na jibu sikupi. Nitakuuliza, wewe utajibu. Ukikosa, unaanza upya."

Alikuwa mwalimu mkali kuliko Sylvester. Eustadia alikosa, akafuta, akakosa tena, akalia, akaambiwa afute machozi yasiloweshe karatasi. Siku ya pili ndipo kitu kilipofunguka kichwani mwake, na furaha aliyoipata hapo hakuna karatasi ya Shomari iliyowahi kumpa.

Jumatatu mwalimu aliandika ubaoni: mzigo wa kilo tisini, mita moja kutoka kwenye egemeo, mkono wako, mita tatu.

"Upande wangu ni mrefu," Eustadia alisema, "kwa hiyo jibu lazima liwe dogo kuliko tisini." Akazidisha, akagawa. "Thelathini."

Mwalimu alitia alama ya vema ubaoni. "Keti," alisema. Jina lake halikukatwa.

Alirudi nyumbani mbio, akamsimulia baba yake. Kisha akakunja uso. "Lakini yule Shomari, baba, simsamehe maisha. Kidogo aniharibie kila kitu."

Mzee Nikolaus alikuwa akinoa jembe. Aliliweka chini.

"Alikosea," alisema. "Utani huchezwa uso kwa uso, anayetaniwa akijua anataniwa. Kumficha mtu ili aanguke ni udanganyifu, na nimerudi kwake kumwambia hivyo. Lakini ngoja nikuulize. Shomari alikudanganya mara ngapi?"

"Mara moja, baba."

"Mara moja. Wewe umejidanganya mwaka mzima, ukimwambia mwalimu unajua, ukimwambia Zamda unajua, na ukijiambia hivyo wewe mwenyewe. Shomari tunaweza kumvumilia, ni mtani wetu. Lakini wewe, mwanangu, huwezi kuwa mtani wako mwenyewe."