Sukari Aliyoibeba Sadrack

Fortunée alikuwa na limfoma, saratani ya tezi, na mwanamume aliyempenda akamnyima chakula.

Walijuana bandarini Makiso. Sadrack aliendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Fortunée alishuka kwenye pirogi, mtumbwi wa kutoka Lubunga ng'ambo ya mto, akiwa na gauni la kitenge cha manjano, akamtania kwamba kiti chake cha nyuma ni kigumu kuliko benchi la polisi. Mwaka haujaisha, posa ikapelekwa.

Kisha shingo ikavimba. Daktari aliwaeleza polepole: seli za saratani hunywa sukari kwa pupa na kutema asidi, na askari wa mwili, yaani seli za kinga, walio karibu hubaki na njaa na kulegea. Sadrack alishika neno moja tu, sukari. Hakutulia tena. Alivuka mto, akaingia jikoni kwa Mama Odile, bokilo wake, mama mkwe, mahali ambapo mkwe hakanyagi, akabeba sukari, mchele na ndizi zote za lituma, zile za kupika na kuponda. Mama Odile alijifunika uso.

Fortunée akapiga simu.

"Chéri, umechoka na miye?"

"Hapana. Ile ugonjwa iko nakula sukari. Tuiache na njaa."

"Na miye je?"

Akambembeleza avumilie. Kwa mapenzi, akavumilia, akila sombe, majani ya muhogo, na samaki tu. Siku ya kudungwa dawa ya saratani mshipani alipimwa uzito, akarudishwa nyumbani bila dawa: mwili umedhoofika mno. Hapo akazima simu.

Sadrack alizunguka mji bila abiria, akipiga, akipiga tena. Mwishowe akamrudia daktari.

"Uvimbe haungoji sahani," daktari alimwambia. "Unakula damuni, na mwili utayeyusha nyama yake ili damu isikose sukari. Uliowanyima ni askari."

Akavuka na ndizi kichwani, akasimama nje ya ua wa Mama Odile, hakuthubutu kuingia. Fortunée akatoka, gauni la manjano likimpwaya.

"Umekuja kubeba chumvi sasa?"

"Nimekuja kukuomba ukule."

"Kula weye kwanza. Mbele ya bokilo."

Lituma ikapikwa. Sadrack akala kichwa chini, maana mkwe hali mbele ya bokilo, akitokwa jasho la aibu, huku Mama Odile akimtazama. Fortunée akacheka, akamnyang'anya sahani, akaimaliza.

Sukari ile iligharimu hivi: mbuzi mmoja, faini ya jiko la bokilo. Kilo tisa za mwili wa Fortunée. Dawa moja iliyokosa siku yake. Na uvimbe wa pili, chini ya kwapa.