Kifuniko Kimoja kwa Kila Lita

Kila alfajiri Dansou alifanya mambo yale yale. Alivaa fulana yake ya manjano yenye namba mgongoni. Alisukuma pikipiki hadi uani. Alimimina petroli kwenye tangi, kisha akapima oili kwa kifuniko cha chupa na kuimimina humo humo. Kifuniko kimoja kwa kila lita ya petroli. Marehemu kaka yake alimfundisha hivyo, enzi za zile pikipiki ndogo za zamani, na Dansou hakuwahi kuruka hata siku moja.

Kisha alipiga kiki. Mara kumi, mara kumi na tano. Injini ilipowaka, moshi wa buluu ulijaa uani hadi binti yake, Sènami, akafunika sufuria ya uji.

"Baba, inakohoa kuliko jana," Sènami alisema.

"Hiyo barabara yao ndiyo inayoiua."

Kwa Dansou, makosa yote yalikuwa ya wakubwa. Walimtoza ushuru kila siku, na mashimo ya barabara walikuwa wakiyajaza kwa maneno. Juzijuzi tu walibadilisha rangi ya namba za fulana, na waendesha pikipiki wote wakalazimika kununua fulana mpya. Mkewe, Ayaba, alifia katika zahanati yenye vitanda vizuri isiyo na dawa. Hilo nalo Dansou hakulisahau. Tangu hapo aliendesha kama mtu aliyebeba mzigo, hata asipokuwa na abiria.

Na abiria walikuwa wakipungua. Mama mmoja muuza samaki alishuka katikati ya safari, akakinusa kitenge chake. "Kaka, mimi nauza samaki wa moshi," alimwambia, "lakini sijakuomba unikaushe na mimi."

Wenzake kituoni walicheka wiki nzima. Dansou hakucheka. Chini ya kiti palikuwa na kitu kinachogonga, kokoko, kokoko. Fundi wa mjini alisikiliza mara moja tu, akasema injini ifunguliwe na pistoni ibadilishwe. Fedha aliyoitaja fundi, Dansou hakuwa nayo.

Nyumbani palikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: sanduku la vitenge vya Ayaba. Vilikuwa kumi na vinne, vingine havijafunuliwa bado. Kwao, vitenge vya mama ni vya binti. Sènami alikuwa anamaliza kujifunza ushonaji, na siku ya kukabidhiwa cheti alitaka kuvaa kile cha buluu.

Dansou alipomwambia kwamba ataviuza ili amlipe fundi, Sènami hakubisha. Alivikunja vizuri, akavifunga kwenye shuka, akamsaidia baba yake kuvifunga nyuma ya pikipiki. Dansou aliona afadhali binti yake angelia.

Njiani kwenda sokoni alisimama kwa Afiavi, mama aliyeuza petroli ya chupa kando ya barabara. Miaka mingi Afiavi alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa pikipiki pamoja na mumewe, na hata baada ya mumewe kuhama hakuuza spana zake. Kila jioni Dansou alinunua kwake petroli na kimfuko cha oili, akaenda kuchanganya nyumbani. Siku hiyo, kwa haraka, alifungua tangi hapo hapo na kuanza kumimina oili.

Afiavi alimshika mkono. "Baba Sènami, unafanya nini?"

"Nailisha pikipiki. Huoni?"

"Siku zote hizo oili ninayokuuzia unaitia kwenye tangi?"

"Kila siku. Mimi si mvivu."

Afiavi aliketi kwenye kigoda chake. "Mimi nilidhani unayo ile pikipiki ya zamani nyumbani," alisema. "Ile ya zamani ilikunywa oili pamoja na petroli. Hii haichanganyiwi. Oili yake inakaa tumboni mwa injini. Inazunguka humo humo, inachoka, inakuwa chafu, basi inamwagwa na kuwekwa mpya. Ya tumboni umeimwaga lini?"

Dansou hakuwahi kuimwaga hata mara moja. Pikipiki alikuwa nayo kwa miezi minane.

Afiavi alichomoa kijiti cha kupimia oili ubavuni mwa injini. Ncha yake ilikuwa kavu. Aliweka beseni chini, akalegeza nati ya chini wakati injini ingali na joto. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito kama lami, nacho hakikujaza hata kikombe.

"Hakuna aliyetuambia," Dansou alisema polepole. "Kutuuzia fulana wanajua. Kutufundisha hili, hakuna."

"Ni kweli, hakuna," Afiavi alisema. "Lakini wewe pia hukuuliza."

Alimwambia lita moja ya oili mpya ni faranga elfu mbili, na oili imwagwe kila baada ya wiki tatu, kwa sababu pikipiki ya abiria haipumziki. Dansou akasema hapo ndipo maskini anaposhindwa. Afiavi akamuuliza kila siku anatumia kiasi gani kwa vile vifuniko. Faranga mia.

"Basi hesabu mwenyewe. Siku ishirini ni lita nzima. Fedha ya kumwaga oili unayo, ila unaichoma."

Siku hiyo Dansou alitumia fedha ya petroli kununua oili. Afiavi alitoa pia sponji ya kuchujia hewa, ikadondosha vumbi jekundu. Alimwonyesha namna ya kuifua kwa sabuni na kuikausha kivulini. Oili chafu aliimimina kwenye dumu, akamkataza kuimwaga karibu na kisima. Injini ilipowashwa, kule kugonga kulikuwa kumepungua. "Hakujaisha," Afiavi alimwonya. "Injini imeshachakaa, haitakuwa mpya tena. Lakini ukiitunza itakufikisha mbali."

Dansou aligeuza pikipiki, akarudisha vitenge nyumbani.

Sasa faranga mia ya kila siku inaingia kwenye kopo la maziwa. Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumapili, Dansou anamwaga oili mwenyewe, uani, kwa spana ya kuazima kwa Afiavi. Moshi uliisha tangi lilipobaki na petroli tupu. Mashimo ya barabara yako pale pale, ushuru nao umepanda, na Dansou bado anarudi nyumbani mgongo ukimuuma.

Siku ya cheti, Sènami alivaa kitenge cha buluu, akapanda nyuma ya baba yake. Walipofika, alishuka, akainua upindo wa kitenge na kuunusa.

"Kinanuka nini?" Dansou aliuliza.

"Sanduku la mama," Sènami alisema.