Jembe la Umugwaneza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Igihozo alipangusa viatu vyake kwa kitambaa kibichi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano halina huruma na viatu vya watu wa Ndosho, mtaa wa Goma. Kisha alimpitia rafiki yake Mwavita, wakashuka pamoja hadi kwenye karakana ya maseremala. Hapo, siku hizo, Igihozo aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, ili tu asiitazame nyumba ya mbao ya bluu.

Humo aliishi Umugwaneza, aliyekuja na mama yake kutoka Kiwanja, kwenye mashamba, na kukaa nao benchi moja, darasa la sita. Sasa nafasi yake ilikuwa tupu, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia.

Kisa kilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Watoto wa Goma huja na mifagio, wengine na nyundo za kuvunjia mawe. Umugwaneza alikuja na jembe begani, mpini wake uking'aa kwa kushikwashikwa. Alilipiga chini mara moja tu, kng! Cheche zikaruka.

"Weee, Mama Jembe!" Igihozo akapaza sauti. "Unapanda maharage juu ya mawe?"

Wenzake walicheka wakashika mbavu. Tangu hapo jina hilo lilimfuata Umugwaneza kila mahali. Kwenye benchi walijibana upande mmoja wasimguse, na wakati wa kuruka kamba hakuna aliyemwita. Mwishowe hakuja tena.

"Umugwaneza ana nini?" Mwalimu Habineza aliuliza siku moja. "Nani anajua?"

Wanafunzi walitazamana. Igihozo aliinamisha macho, masikio yakimchemka. Jioni hiyo miguu yake ilimpeleka yenyewe kwenye nyumba ya bluu.

Mama yake Umugwaneza alikuwa mlangoni, anapepeta maharage. "Karibu, mutoto wangu. Umekuja kumuona mwenzako? Anasema masomo ya Goma yamemushinda. Basi, atanisaidia sokoni. Nitafanya nini?"

Umugwaneza, aliyeketi nyuma ya mama yake, alimtupia Igihozo jicho la kumsihi anyamaze. Na kunyamaza kungekuwa rahisi kweli.

"Mama, si masomo," Igihozo alisema. "Ni mimi. Nilimcheka kwa sababu ya jembe, nikampa jina, na darasa zima likalishika."

Ungo ukatulia.

"Jembe?" mama akauliza polepole. "Jembe nilimupa mimi. Kwetu Kiwanja, wakisema kazi, mutu anashika jembe." Akamgeukia binti yake. "Njo maana hukuniambia? Ulikuwa unaficha aibu yangu?"

Umugwaneza alijifunika uso kwa kitenge. Igihozo hakujua aweke wapi macho yake. Alidhani amemcheka mtu mmoja, kumbe aliicheka nyumba nzima.

"Mnisamehe," alisema. "Kesho nitakupitia, Umugwaneza."

"Wataniita tena."

"Wakiita, nitaitika mimi."

Kesho yake, walipoingia tu darasani, sauti ikatoka nyuma: "Mama Jembe huyo!"

"Naam!" Igihozo akaitika, amesimama wima, uso ukimwaka. "Nani ananiita?"

Aliyeita akainamisha kichwa. Mwavita, naye akitazama chini, akasogea akapigapiga benchi. "Kaa hapa katikati, Umugwaneza. Tunaanza na hesabu."

Mwalimu Habineza alikuwa amesimama mlangoni, ameyaona yote. Hakuchukua chaki mara moja.

"Nilidhani ni mimi tu ninayeweza kumrudisha mwanafunzi nyumbani," alisema. "Kumbe hata ninyi mnaweza, kwa kicheko tu, na mwenyewe asiseme kilichomfukuza. Basi chungeni midomo yenu. Na ukishamfukuza mwenzako, usikae tu ukiona haya. Nenda kamchukue."