Ulimi wa Eligio

Siku Eligio alipofariki, Nereida alikuwa ameshika jani la tumbaku mkononi. Lilikuwa jani la nje, lile jepesi lenye rangi ya kahawa iliyozidishwa maziwa, limekwisha kuloweshwa na kunyooshwa ubaoni, na jani likifika hapo halingoji msiba wa mtu. Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Aliibana kwa bega, mikono ikiendelea kuviringisha.

"Nere," ilisema sauti ya Miledys, dada yake Eligio. "Nere, wifi yangu."

Nereida alielewa. Alimaliza kuivisha biri lile jani, akakata kipande cha mviringo, akakibandika kwenye ncha yake kiwe kofia, akailaza pamoja na nyingine, akasimama. Ilikuwa Alhamisi, saa nne kasoro robo ya asubuhi. Redio ya ukumbini ilikuwa ikipiga muziki wa bachata.

"Unakwenda wapi, mwanamke?" akauliza Casilda, mwenzake wa meza, aliyekuwa akipanga majani ya ndani. "Fungu la biri hamsini halijatimia." Kisha akamtazama usoni. "Ay, mwanangu," akasema, akainuka akamzimia redio.

Yeye na Eligio walikuwa wamejuana miaka mitatu kasoro. Nereida alimwona mara ya kwanza Jumamosi moja katika soko la Hospedaje, katikati ya Santiago, pale wachukuzi wanapokupigia kelele uwapishe kabla hujawaona. Alikuwa amevaa gauni la njano, nywele zimezungushwa kwenye rola na kufunikwa wavu, kama nusu ya wanawake wa mji ule Jumamosi asubuhi. Mkono mmoja mihogo, mkono mwingine mkungu mdogo wa ndizi mbichi. Kwenye kibanda cha kahawa alikaa mwanamume mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, anawasha biri. Aliizungusha juu ya moto polepole bila kuigusisha, kama mtu anayepasha mikono ya mtoto.

Nereida akasimama. "Bwana, hiyo umeipata wapi?"

"Kwa nini, mama? Imeibiwa?"

"Haina pete ya karatasi. Biri isiyo na pete haijauzwa dukani. Ama umefanya kazi kiwandani, ama umemwibia aliyefanya."

"Mwizi mwenye shati la pasi namna hii?"

"Hao ndio wabaya zaidi."

Yule bwana akacheka, meno yote nje. "Na umejuaje imetoka kiwandani?"

"Kofia yake. Nimeizungusha mara tatu. Wengine wote huzungusha mbili, wavivu wale."

Mwanamume akaacha kucheka. Akaitazama biri, akamtazama mwanamke, akatazama tena biri. "Wewe ni kumi na saba," akasema taratibu.

"Mimi ni nani?"

"Meza ya kumi na saba. Mimi ni mwonjaji, nakaa ghorofani. Nimekuvuta miaka miwili, dada, wala sikujua kama una macho ya namna hiyo."

"Kunivuta! Ona adabu ya mtu mzima!" Lakini alikuwa ameshaweka mihogo chini.

Kiwandani kwao waonjaji hawakuchanganyika na wasokotaji. Walipanda kwa ngazi ya nyuma, wakaletewa biri zenye namba za meza tu, wakaonja, wakaandika. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa, ulimi usijue uso. Naye Nereida, miaka kumi na mmoja akisokota, hakuwahi kuvuta biri moja mpaka mwisho.

"Unapika chakula usichokionja," Eligio akamwambia, akamvutia kiti. "Kaa. Usiumeze moshi. Uweke mdomoni, uuzungushe, uutoe. Sasa ngoja. Hesabu hadi sitini ndipo uvute tena, ukiiharakisha itakasirika. Unaonja nini?"

"Moshi."

"Kila mtu huanza hapo. Tena."

Akavuta tena. Safari hii alifumba macho. "Mkate," akasema. "Mkate wa jana uliopashwa."

"Eeh. Na nini?"

"Korosho. Siyo ya kukaanga sana." Akafumbua macho kwa mshangao. "Na kitu kinatekenya pua, kama pilipili iliyopita mbali."

"Nakuambia wewe ni kumi na saba," alisema Eligio kwa furaha, akaagiza kahawa mbili za maziwa. "Unaona? Hii siyo biri ya harusi wala ya tajiri kujionyesha. Ni ya asubuhi, ya kila siku, ya mtu aliyekunywa kahawa yake na hana ugomvi na mtu."

Tangu hapo alimwita kwa namba hiyo. Simu zake ziliingia kila mchana, saa ya chakula.

"Kumi na saba, umekula?"

"Nimekula wali, maharage na kuku. Wewe?"

"Mkate mkavu na maji. Ulimi uko kazini."

"Maskini wangu. Jioni njoo nikupondee ndizi, na vitunguu juu."

"Na mpishi yupo?"

"Mpishi yupo, ila ana meno."

Casilda aliyasikia yote hayo upande wa pili wa meza, akatikisa kichwa. "Mapenzi ya biri na kiberiti," alisema. "Mnanukia vizuri, lakini angalieni."

Mwezi Machi wa mwaka wa tatu, fungu la biri hamsini la meza ya kumi na saba lilirudishwa likiwa limefungwa uzi mwekundu. Nereida alikuwa hajawahi kufungiwa uzi mwekundu. Don Anselmo, msimamizi wa ukumbi, aliliweka mezani bila kumtazama usoni, kwa sababu desturi ilijulikana: fungu lililokataliwa hupasuliwa palepale, na aliyelisokota, mbele ya ukumbi mzima. Karatasi iliandikwa kwa mkono wa Eligio. *Kali. Chungu. Jani la juu limezidi.*

"Limezidi?" Casilda aling'aka, maana majani ya ndani, pamoja na lile kali la juu ya mmea, alikuwa akiyapanga yeye. "Miaka thelathini napima majani haya, leo nimesahau kipimo?"

Nereida alichukua kisu akazipasua. Moja moja. Watu mia mbili walitazama, na macho hayo yalimkata kuliko kicheko.

Alimpigia mchana, kabla yeye hajapiga. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi. Nereida, niliandika nilichoonja."

"Zilikuwa na namba. Ulijua ni zangu."

"Nilijua. Ndiyo maana nilivuta tatu badala ya moja. Zote chungu, mpenzi."

"Ungenipigia kwanza."

"Ningekupigia, ningekuwa mwonjaji gani?"

"Na sasa umekuwa mwanamume gani?" Akakata simu.

Kichwani mwake jambo lilikuwa wazi kama mchana. Wenziwe Eligio wa ghorofani walikuwa wakimtania kwamba mapenzi yamemlainisha ulimi, naye ameamua kuwaonyesha kwa kumchinja yeye. Kesho yake Eligio alipiga mara sita. Keshokutwa mara nne. Kisha ukaja ujumbe: *Kumi na saba, nina jambo nataka kukuambia, siyo la kazi.* Aliufuta. Ukaja mwingine Aprili, na mwingine mwishoni mwa Mei, mfupi zaidi. Alizifuta zote, akajisifu kwa Casilda kwamba ana moyo wa mti wa mkwaju.

"Mti usiopinda huvunjika, mwanangu," alisema Casilda.

"Basi nivunjike."

Mwishoni mwa Julai, asubuhi, visu vilisimama ukumbi mzima. Nereida aliinua kichwa. Eligio alikuwa akipita katikati ya meza, mahali ambapo mwonjaji hakuwahi kukanyaga. Shati ni lilelile jeupe, pasi ileile, lakini kola ilimpwaya kama ya mtu mwingine. Akasimama mbele ya meza yao. Alisema polepole, maneno yakimkwama kidogo.

"Fungu la Machi la meza hii halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kinywani mwangu. Siku ile nilidhani ni biri. Wiki iliyofuata kahawa ikawa chungu. Maziwa yakawa machungu, hata wali wa maziwa wa mama. Tangu hapo sijaonja kitu. Nimekuwa nikipitisha mafungu kwa kutazama jivu na kusikiliza mvuto, kwa aibu. Nimetoka kumwambia mwenye kiwanda. Nikaona si haki niliyemfanya apasue biri zake mbele za watu nimwombe radhi pembeni."

Casilda aliweka majani chini.

"Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa sawa?" aliuliza Casilda.

"Sawa kabisa, doña Casilda."

"Ungesema mapema, mjinga wewe, nikuombee mapema," akasema, akajipangusa macho kwa mkono wenye vumbi la tumbaku, yakazidi kutoka machozi.

Nereida alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipiga simu," alisema Eligio.

Hakulisema kwa lawama. Ndiyo maana Nereida hakuweza kulisahau.

Walikwenda hospitali pamoja Jumatatu. Kilikuwa kivimbe kwenye shina la ulimi. Daktari, mama mmoja kijana mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba moshi wa miaka ishirini kabla ya chakula haukusaidia, na Eligio hakubishana. Akaeleza pia kwamba Machi kingekuwa kidogo. Hakumlaumu mtu, alitaja tu miezi. Nereida aliihesabu kwenye vidole chini ya meza.

Nereida alimhamishia Eligio kwake. Asubuhi walikaa barazani kwenye viti vya bembea, yeye na kahawa, Eligio na glasi ya maji aliyoinywa kwa tabu. Siku moja mwezi wa Septemba Eligio akamnyooshea biri.

"Vuta wewe. Uniambie."

"Eligio, hapana. Hiyo ndiyo iliyo..."

"Kaa upande ule, usinipulizie. Niambie tu. Nimeikumbuka ladha."

Akaiwasha kama alivyofundishwa. Akahesabu hadi sitini.

"Tamu," akasema.

"Tamu ya nini? Tamu siyo jibu."

"Ya... maziwa. Maziwa yaliyochemka na mdalasini, ukayaacha yakapoa."

Eligio akafumba macho. "Eeh. Na katikati?"

"Bado hatujafika katikati, bwana, mbona una haraka?"

"Nina haraka," alisema.

Nereida aliiweka biri kwenye kisahani. "Nioe basi."

"Nikuoe nikufanye mjane?"

"Heri mjane wako kuliko mjane wa simu nisizopokea."

Alicheka, ingawa kucheka kulimuuma. Walifunga ndoa ya serikali Ijumaa iliyofuata. Nereida alivaa gauni la samawati la kuazima kwa Miledys, rola amezitoa gari likiwa mlangoni. Casilda alikuwa shahidi, akatia saini kubwa kuliko ya bwana harusi. Oktoba sauti ikaondoka, wakawa wanaandikiana kwenye daftari la shule. *Katikati?* aliandika Eligio. *Mbao mpya,* Nereida aliandika chini yake, *na korosho bado ipo.* Alhamisi ya pili ya Novemba, ile ya simu ya Miledys, Nereida alikwenda kazini kwa sababu Eligio mwenyewe alimwandikia aende, asikae kumtazama.

Sala za siku tisa zilisaliwa chini ya turubai mbele ya nyumba. Majirani walileta viti, wakapitisha kahawa na chai ya tangawizi, wazee wakasimuliana vichekesho kwa sauti ya chini kama inavyofanywa.  Mara kwa mara Nereida alishika simu, akaipekua mahali palipokuwa na zile jumbe tatu, kisha akairudisha mfukoni.

Siku ya kumi alikwenda kwa mwenye kiwanda akiwa na nguo nyeusi. Alisema neno moja tu, kwamba mtu akiwa peke yake na ulimi wake hawezi kujua umegeuka lini. Mwenye kiwanda alimsikiliza hadi mwisho, akamwita Don Anselmo.

Sasa pale kiwandani fungu halirudishwi kwa ulimi mmoja. Huonja watu wawili, kila mmoja chumba chake na karatasi yake, na wasipoafikiana huitwa wa tatu. Nereida huonja Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine anasokota.