Kahawa ya Yeyote Atakayekuja

Kikombe kilikuwa kimerambwa. Hakikuoshwa wala kufutwa. Kilirambwa mpaka chini, na ukingoni palibaki alama ya masizi, ndefu kama kidole.

Nunzia alikiosha. Moyoni hata alifurahi. Yeye ndiye aliyekiacha pale, mwisho wa duka lao, chini ya ukuta wa mawe uliofunga handaki. Zamani tramu, treni ndogo za mjini, zilipita humo chini ya kilima. Siku hizi jiji la Napoli lilikuwa likiyakodisha mahandaki yake ya kale: moja limekuwa gereji, jingine ghala la mvinyo, na hili Nunzia na mumewe Aniello walilifanya duka la kahawa. Reli bado zilionekana sakafuni, zikipita chini ya meza na kuishia ukutani.

Nyuma ya ukuta huo alikuwa amesikia kikohozi kizito, cha majimaji.

"Kuna maskini amelala huko," alimwambia mumewe.

"Huko hakuna hata mlango," Aniello akacheka. "Labda ni panya mvuta sigara."

Watu wa Napoli wana desturi yao. Mwenye nacho hulipia kahawa mbili, akanywa moja. Ya pili hubaki ya yeyote atakayeingia na kuuliza, "Kuna kahawa iliyoachwa?" Haulizwi jina wala hali. Baba yake Nunzia alipokosa kazi, kahawa za namna hiyo ndizo zilizomfanya ajione bado ni mtu. Nunzia hakusahau. Basi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtaa mzima hufunga milango na kulala, aliweka kikombe chini ya ukuta na kusema taratibu, "Hii ni ya yeyote atakayekuja."

Ikawa hivyo kila mchana. Kikohozi kilipozidi, akaongeza blanketi la mwanawe Titina, mtoto mchanga aliyelala kwenye kapu nyuma ya kaunta. Walipofungua tena jioni, blanketi halikuwepo.

Tangu siku hiyo Titina hakulia. Akiwa na njaa alifungua mdomo, uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, lakini sauti haikuja. Daktari alimtazama koo, akasema ni mafua.

Mchana uliofuata Nunzia alikuwa peke yake, mashine imezimwa na mlango wa chuma umeshushwa nusu, akasikia mwanawe akilia, kilio kile kile anachokijua hata usingizini, chenye kwikwi ndogo mwishoni, akageukia kapu, akamkuta Titina anamtazama mdomo wazi, kimya, na kilio kikaendelea kutoka nyuma ya ukuta, kikikaribia, kikikatizwa na kikohozi, huku harufu ya masizi na sufu iliyolowa ikitambaa juu ya reli mpaka miguuni mwake.

Alimbeba mtoto akakimbilia ng'ambo ya kichochoro, kwa Bi Filumena, anayewaondolea watu kijicho kwa mafuta na sahani ya maji. Bibi alidondosha tone la mafuta majini. Likazama kama jiwe.

"Umempa nini?" alinong'ona.

"Kahawa. Na blanketi la mtoto. Nilidhani ni mtu, bibi."

"Mtu angeuliza kwanza. Babu yangu alichimba handaki lile, na jini huyo walimkuta humo. Kelele za tramu ndizo zilizomweka mbali. Nyinyi mmemletea kimya, na kahawa juu yake."

"Atamchukua mwanangu?"

"Ameshaanza. Umesema ni ya yeyote, na hakuna mwingine anayeichukua. Kaweke kikombe. Leo nitauliza mimi."

Nunzia alimimina kahawa ya baridi iliyobaki asubuhi, akaiweka chini ya ukuta. Walisimama mbele yake, bibi na ndala zake, Nunzia na mtoto kifuani.

"Kuna kahawa iliyoachwa?" Bi Filumena aliuliza.

"Ipo," Nunzia alijibu.

Kisha kutoka ndani ya mawe, kwa sauti ya Titina ambaye hajajua kusema hata mama, kitu kikauliza polepole: "Kuna kahawa iliyoachwa?"

Bi Filumena alinyanyua kikombe, akakimaliza kwa funda moja.

"Imekwisha," alisema. "Hapa huna chako."

Masizi yalimwagika kutoka darini. Mawe yakagongwa kwa ndani, kwa hasira, mara nyingi, kisha kimya. Na Titina akaangua kilio.

Bibi alikaa kitini, akajifuta mdomo. "Na sukari hukuweka," alilalamika. "Usiache tena kikombe. Hata kimoja."

Nunzia alimshika mkono akamsindikiza mpaka kwake, akamfunika miguu, akambusu. Aliporudi, Aniello alikuwa amerudi kutoka kulala nyumbani, ameegemea kaunta, kikombe mkononi. Mashine ilikuwa bado imezimwa.

"Asante kwa kahawa, mke wangu. Nimeikuta hapa, ya moto. Nikakusikia kule ukutani ukisema ni ya yeyote atakayekuja."

Ukingoni mwa kikombe palikuwa na alama nyeusi, ndefu kama kidole.

Aniello alitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili kwa mtoto. Akakohoa, kikohozi kizito, cha majimaji.

"Nipe nimbebe," alisema. "Anaonekana ana baridi."